Mlima Wangu Unatoka Kama Sindano

Wasomaji wanauliza, meza yetu ya Jiografia inajibu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kidato cha sita, Moshi. Nikichora kroseksheni, yaani sura ya ardhi ikitazamwa kwa ubavu, kutoka ramani ya 1:50,000, mlima unatoka mwembamba kama sindano na karatasi inaniishia. Kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja) zimepishana kwa mita 20. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mkono wako hauna kosa, tatizo ni skeli ya wima, yaani ya kimo. Inaelekea umeona mita 20 kwenye ramani, ukaifanya kila sentimita iwe mita 20. Hiyo ni 1:2,000. Gawanya 50,000 kwa 2,000 uone: mlima umeurefusha mara 25. Hata Mawenzi, kile kilele cha Kilimanjaro, haikuchongoka hivyo! Chukua sentimita 1 kwa mita 100, yaani 1:10,000. Ukuzaji, yaani kurefusha huko, unashuka hadi mara 5, na tofauti ya kimo ya mita 600 inakaa kwenye sentimita 6 tu. Ile skeli ya mita 20 itunze kwa nchi tambarare, kama ile ya mashamba ya miwa kusini mwa mji wenu; huko ukitumia 1:10,000 utapata mstari uliolala. Ukuzaji uandike chini ya mchoro, hata kama swali halikuuliza.

Sasa kazi yenyewe. Laza ukingo wa karatasi kutoka A hadi B, tia alama kila kontua inapokatwa, na kimo chake kiandike papo hapo. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka. Mito na barabara nazo zitie alama. Hamishia alama hizo kwenye msingi wa mchoro, panda nazo hadi kimo chake, kisha unganisha kwa mkono, si kwa rula.

Panapoponza wengi ni kontua mbili jirani zenye namba moja, tuseme 1,200 na 1,200, mto ukipita katikati. Mwanafunzi anavuta mstari ulionyooka toka moja hadi nyingine, mto unabaki juu ya meza. Ushushe mstari kidogo chini ya 1,200 lakini usiufikishe 1,180. Bonde lingefika huko, kontua ya 1,180 ingekuwepo kwenye ramani.

Ukiulizwa na mteremko, kwanza fanya vipimo vyote viwe vya aina moja. Sentimita 8 kwenye ramani hiyo ni kilomita 4, yaani mita 4,000. Ardhi ikipanda mita 400, jibu ni 1:10. Anayegawanya 400 kwa 4 anapata 100, na alama zinaondoka hivyo hivyo.

SWALI: Tupo Arusha, kidato cha tano. Tulipima eneo la shule kwa dira ya prizma. Mstari AB: beringi (pembe kutoka kaskazini) ya mbele, A kwenda B, 064°, ya nyuma, B kurudi A, 249°. BC: 128° na 308°. Mwenzangu anasema tuchukue wastani. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Mbele na nyuma zinatakiwa kupishana kwa 180° kamili. BC imepishana hivyo, kwa hiyo B na C tunazichukua kuwa safi. Basi 249° iliyosomwa B ni ya kuaminika. Ondoa 180° upate 069°. Mlisoma 064°, maana yake dira ikiwa A inasoma pungufu kwa 5°. Ongeza 5° kwenye kila kipimo kilichosomwa A, vya B na C msiviguse. Wastani ungehamishia ugonjwa wa A kwa B aliye mzima.

Rudini A mtazame kilicho karibu: geti la chuma, uzio wa waya, mabati, funguo au simu mfukoni. Kwa Arusha ongezeni na mawe ya volkano, maana mengine yana madini ya chuma yanayovuta sindano.

Mkishachora na mzunguko ukakataa kufunga, yaani mwisho haukurudi kwenye kituo cha kuanzia, msilazimishe mstari wa mwisho. Pengo ligawanyeni kwa vituo kulingana na umbali wa kila kimoja toka mwanzo. Mzunguko ukiwa sentimita 24 na pengo sentimita 0.6, kituo kilicho sentimita 8 toka mwanzo kinasogezwa 0.2, cha sentimita 16 kinasogezwa 0.4. Vyote vinasogea sambamba na pengo, kuelekea upande wa kituo cha kuanzia.

SWALI: Niliandika "Kilimanjaro ina mvua za milima" nikapewa alama moja. Walitaka nini zaidi?

JIBU: Umetaja jina, hukueleza kinachotokea. Anza na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unaokuja toka kusini-mashariki. Unagonga mteremko wa kusini, unapanda, unapoa, mvuke unaganda kuwa matone. Ndiyo maana Kibosho na Machame kuna migomba na kahawa. Taja pia kwamba juu ya ukanda wa msitu mvua inapungua. Wengi wanadhani kadiri unavyopanda inazidi hadi kileleni. Upande wa kaskazini upepo umeshamwaga maji yake, unateremka na kupata joto, nchi inakauka. Mlima Meru ni vivyo hivyo: toka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, pita Ngaramtoni, ukikaribia Oldonyo Sambu kijani kimeshakwisha. Mfano huo umeuona kwa macho, uandike.

SWALI: Mwanangu achague EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) au HGE (Historia, Jiografia, Uchumi)? Mama, Moshi.

JIBU: Mama, Jiografia ni ile ile. Tofauti ni kwamba EGM ina Hisabati ya juu na HGE ina Historia. Angalia matokeo yake ya Hisabati ya kidato cha nne kabla ya kusikiliza majirani.