Kupiga picha kwa M: uanzie wapi, na lini uiache

Utakutana na wapiga picha watakaokwambia kwamba ukitumia oto, yaani kamera ijichagulie namba yenyewe, wewe bado si mpiga picha. Waache waseme. Kamera za leo zinapima mwanga vizuri sana, na zipo kazi nyingi ambazo oto inazimaliza bila tatizo. Sababu ya kujifunza M, yaani "manual", ambapo namba zote unaziweka wewe, naiona moja tu: kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, lakini haijui kitu chenyewe ni cheupe au cheusi. Wewe unajua.

Mpwa wangu alipotaka nimfundishe, sikuanza na jedwali la namba. Tulikaa barazani asubuhi kabla jua halijaingia, nikatundika kanzu nyeupe kwenye kamba na pembeni yake buibui jeusi. Nikamwambia aweke oto, azime flashi, asogee mpaka kanzu ijaze fremu nzima, apige. Kisha buibui, vivyo hivyo. Akaangalia kioo cha nyuma: "Mjomba, hii kanzu mbona kama haijafuliwa?" Na buibui nalo lilikuwa limepauka. Ukiziweka picha zile mbili bega kwa bega, vitambaa vyote vilikuwa kijivu.

Kamera ilikuwa nzima kabisa. Mita ya mwanga hudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, ukichanganya chote kwa pamoja, ni kijivu cha kati, ambacho kwa mazoea huhesabiwa kurudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ikikuta kanzu hudhani mwanga umezidi, ikapunguza. Ikikuta buibui hudhani kuna giza, ikaongeza. Ndiyo maana picha za harusi zilizopigwa kwa oto zina shela la kijivu kwenye picha ya bibi harusi peke yake, na dakika mbili baadaye, mwanga ni uleule, mabwana wenye suti nyeusi wanatoka nyuso zimeng'aa hadi zinapoteza rangi.

Tukahamia M. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, tundu la lenzi f/5.6, spidi ya shata 1/250 ya sekunde. Akapiga kanzu: nyeupe, na mishono ya kifuani inaonekana. Akageukia buibui bila kugusa kitu: jeusi. Mwanga wa pale barazani haukubadilika, sasa namba zibadilike kwa ajili gani? Ukilielewa hili moja, M umeshaielewa. Yaliyobaki ni mazoezi ya vidole.

Namba zile nilizipataje? Kwa kiganja. Nyosha mkono, kiganja kikae kwenye mwanga uleule unaomwangukia unayempiga, ukijaze kwenye fremu, halafu rekebisha mpaka mshale wa mita ukae kwenye +1. Viganja vya watu havitofautiani sana hata rangi zao za ngozi zikitofautiana, na kwa kawaida hung'aa zaidi ya kijivu cha kati kwa stopu moja hivi, yaani mara mbili. Ukishapata, usiuangalie mshale tena. Utakuhangaisha bure kila mwenye shati jeupe akipita.

Kabla hujaanza, kagua mambo mawili yanayowakwamisha wengi. La kwanza, zima ISO ya oto. Kamera nyingi huiruhusu hata ukiwa kwenye M, na ikiwa imewashwa, ukifunga tundu yenyewe inapandisha ISO kimyakimya. Picha zote zinatoka sawasawa, nawe hujifunzi chochote. La pili ni lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera. Nyingi zake hufungua hadi f/3.5 zikiwa pana, lakini ukivuta mpaka 55 mwisho wake ni f/5.6. Maana yake unaweza kupima vizuri kwa mbali, ukavuta uso karibu, na picha ikaingia giza kwa zaidi ya stopu nzima bila wewe kugusa namba. Weka f/5.6 tangu mwanzo, haitahama.

Kuhusu zile namba tatu sitakuchosha. ISO ukiipandisha picha inapata chenga. Shata ikiwa ya polepole, kinachosogea kinaacha mkia. Anayecheza ngoma anataka walau 1/250, mzee aliyekaa kwenye kiti 1/100 inamtosha. Tundu likiwa wazi, yaani namba ndogo, nyuma panafifia. Moja ukiitumia kuongeza mwanga kwa stopu moja, nyingine huna budi kuitumia kupunguza kwa stopu moja ili mwanga ubaki palepale. Amua kwanza ipi ina maana kwa picha hiyo, mbili zinazobaki zifuate.

Nje kwenye jua kali hata mita huihitaji. Ipo kanuni ya tangu enzi za filamu: jua likiwa wazi, weka f/16, na shata iwe moja gawanya kwa ISO. ISO 100, basi shata 1/100 au 1/125. Kutoka hapo unapanda ngazi: f/11 kwa 1/250, f/8 kwa 1/500, f/5.6 kwa 1/1000, zote mwanga mmoja. Jifunze kwa hiyo kanuni siku isiyo na mawingu, tena usiamini kioo cha nyuma, maana juani kila picha itaonekana imeingia giza. Washa histogramu, ule mchoro unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha, na ile tahadhari inayopepesa sehemu zilizoungua. Kofia nyeupe ikipepesa, punguza mwanga, kwa sababu kilichoungua hakirudi hata ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kivuli kilichozama kidogo unaweza kukiinua baadaye. Ila saa saba mchana watu wenyewe wasogeze chini ya mwembe. Hakuna namba itakayoondoa kivuli cha jua la utosini kwenye macho ya mtu.

Ukumbini ndiko kwenye kazi. Mapambo yana taa za kila rangi, MC anataka kila mtu acheze, na mwanga ni mdogo kuliko macho yanavyokudanganya. Hapa lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo kampuni nyingi huiuza kwa bei ya chini kuliko lenzi zao nyingi, itakusaidia kuliko kubadilisha kamera. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 unapata mwanga karibu mara 10, kwa hiyo pale ulipokuwa umelazimika kwenda ISO 6400 unashuka hadi 800 na chenga zinapungua. Gharama yake ni kwamba ukiwa karibu, bibi harusi akiwa kwenye fokasi, bwana aliye nyuma yake nusu hatua hayumo. Kwa wawili funga hadi f/2.8, familia jukwaani f/4 au zaidi.

Halafu kuna michirizi. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/500 inaona, na picha inatoka na mistari ya giza, au moja ina njano na inayofuata haina. Weka 1/100, au 1/50 kwa waliotulia, uone mistari inavyopotea. Ukiwa na kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), zima pia ile shata ya kimyakimya, maana kwa taa za namna hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mazoezi mazuri kuliko yote kwangu ni magharibi, Forodhani pale Zanzibar, vijana wanapojirusha baharini na watalii wamesimama ukutani na simu zao. Elekeza kamera kwenye anga pembeni ya jua, si kwenye jua lenyewe, pima hapo, shata 1/1000. Miili inatoka vivuli vyeusi hewani, anga inabaki na rangi yake yote. Kwa oto kamera inaweza kujaribu kuokoa nyuso na kuiunguza anga. Lakini kwetu huku karibu na ikweta jua huzama kwa kwenda chini moja kwa moja na giza huingia haraka, basi usipime mara moja ukaridhika. Kila baada ya mirukaji kadhaa, rudi angani.

M inanishinda sehemu moja: bibi harusi anapotolewa ndani ya nyumba yenye giza, vigelegele vimeanza, anapita ukumbi, kibaraza, na ghafla yuko juani. Mwanga unabadilika mara nyingi kuliko vidole vyangu. Hapo nahamia A, au Av kwa wenye Canon, namba ya tundu nachagua mimi na shata naiachia kamera, nikiongeza mwanga kwa stopu +0.7 kwa ajili ya shela. Na kama kamera yako ina C1 au U1 kwenye kile kidude cha kuzungusha, hifadhi humo namba zako za ukumbini ukiwa nyumbani umetulia, ili msafara ukiingia ukumbini uzungushe mara moja tu.