Mayai hayatotoi? Anza kuangalia joto la banda

Februari moja nilipeleka trei nne za mayai ya kienyeji kwa bwana mmoja wa mashine ya kutotolesha. Mayai 120. Siku ya 21 akanipigia nikachukue vifaranga 31. Nilifika pale nimefura, nikamwambia mashine yake mbovu. Hakubishana nami. Alivuta beseni, akaanza kupasua mayai yaliyobaki, moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa na kiini kizima cha njano, hakuna hata mshipa mmoja wa damu.

"Dada, haya hayakuwa na mbegu. Mashine haitii mbegu."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jogoo mmoja nilikuwa nimeshamuuza, nikidhani kachoka.

Kesho yake saa 8 mchana niliingia bandani, saa ambayo kwa kawaida nakuwa dukani. Bati lilikuwa la moto, na hewa imesimama. Mitetea wametanua mbawa, midomo wazi, koo zinapwita. Jogoo aliyebaki amejilaza kando ya chombo cha maji, mitetea wanapita mbele yake wala hana habari nao.

Kuku hatoi jasho. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41, na likizidi anajipoza kwa kuhema. Akihema sana anapoteza hewa ukaa nyingi, damu inabadilika, na chokaa ya kujengea ganda inapungua. Ndipo unapookota mayai yenye ganda jembamba, hata kama chakula ni kilekile. Isitoshe, kwenye joto kuku hula kidogo, kwa hiyo na mayai yenyewe yanapungua.

Kwa jogoo shida imejificha zaidi. Korodani zake ziko ndani ya mwili, karibu na figo, na mwili ukichemka siku nyingi mbegu zinadhoofika. Mbegu mpya huchukua kama wiki mbili kutengenezwa. Tetea naye huhifadhi mbegu mwilini kwa siku kadhaa baada ya kupandwa, kwa hiyo hasara haionekani siku ya joto. Unaiona baadaye kwenye mashine, na wakati huo umeshasahau lile juma la jua kali. Kwa hiyo nakusihi, usimchinje wala kumuuza jogoo kwa sababu ya utotoleshaji mmoja mbaya wa msimu wa joto. Mpoze kwanza, umpe wiki tatu, ndipo upeleke mayai mengine.

Mimi nilibomoa ukuta wa matofali upande unaopokea upepo, nikaacha tofali tatu tu chini, juu nikaweka wavu. Juu ya bati nikatandaza makuti. Hiyo peke yake ilibadilisha banda kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Nikapunguza na idadi, maana kuku waliobanana wanapashana joto. Chakula nawapa alfajiri na jioni, mchana nawaachia maji ya mtungini, nayabadilisha yakianza kuwa vuguvugu. Makombe yaliyosagwa, ya kuwapa chokaa, nawawekea jioni, kwa kuwa sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku.

Kuna kosa jingine ambalo wengi tunalifanya. Mayai ya kutotolesha yanakaa kwenye trei juu ya kabati, chumba chenye joto, wiki nzima na zaidi. Yai lenye mbegu likikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 21 hivi, kiinitete huanza kukua taratibu, kisha hufa kabla hata ya kufika kwenye mashine. Siku hizi naokota mara tatu kwa siku, nayaweka sakafuni kwenye chumba chenye kivuli, ncha nyembamba chini, na sivushi siku 7.

Februari iliyofuata nilirudi kwa bwana yuleyule na trei nne. Nilimwomba radhi kabla sijamkabidhi mayai. Safari hii vifaranga walikuwa 86.