Safari ya Jahazi Visiwani Lamu: Panga Siku kwa Mwezi, Si kwa Saa

Safari yangu ya kwanza ya jahazi katika visiwa vya Lamu ilikuwa na ratiba nzuri sana, iliyochapwa kwenye karatasi mbili, ikionyesha saa ya kung'oa nanga, saa ya kula, saa ya kuogelea na saa ya kuzuru kila gofu. Ilipofika saa tatu asubuhi ya siku ya kwanza, chombo chetu kilikuwa kimelala ubavu kwenye tope la mkono wa bahari uendao kwenye magofu ya Takwa, katikati ya mikoko, na ile ratiba ilikuwa ikitumika kupepea moto wa jiko. Tulikaa hapo hadi saa nane mchana. Wakala aliyetuuzia safari alikuwa amepanga kila kitu ofisini kwake bila kumwuliza nahodha hata swali moja, na nahodha, kijana mwenye adabu, hakutaka kuwavunja moyo wageni waliokwisha kulipa.

Miaka miwili baadaye nilirudi na mume wangu pamoja na wifi zangu wawili, safari hii na nahodha mzee wa makamo ambaye sote tulimwita ami, tukakaa baharini siku tano na kurudi Nairobi tukiwa tumepumzika kweli. Visiwa vilikuwa vilevile na gharama haikuzidi sana. Kilichobadilika ni kwamba mara hii aliyepanga siku zetu ni yeye ayajuaye maji.

Basi tuanze na maji. Lamu, Manda na Pate vimezungukwa na mikono ya bahari yenye mikoko, na mingi kati ya hiyo hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Yakipwa hubaki tope ambalo, kwa maneno ya ami, hata punda hapiti. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku na usiku wake, na kila siku hukawia takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji yanayojaa juu sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa tele karibu na saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa tano asubuhi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana jedwali la maji: siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi, na zile zinazofuata tarehe 14, ndizo za bamvua. Ratiba yetu ya kwanza ilitupeleka Takwa saa mbili asubuhi siku ya mwezi mpevu, wakati maji yalikuwa yakikimbia kutoka. Mtoto yeyote wa Shela, kijiji cha pwani jirani na mji wa Lamu, angetuambia.

Mara ya pili tuliondoka tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Kwa hiyo njia nyembamba tulizipita alfajiri, saa za joto maji yakiwa yamepwa tulitia nanga tukala na kulala, na magofu tuliyazuru alasiri jua likiwa limepoa. Bandari moja kwa kila maji kujaa inatosha, na atakayekuahidi tatu kwa siku moja anakuuzia safari ya mashine, si ya tanga.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huanza kuingia Aprili pamoja na masika, ikawa kali hasa Juni hadi Agosti, wakati bahari ya nje huchafuka na wazoefu wengi hubaki ndani ya visiwa. Kati ya pepo hizo mbili kuna wakati wa tangambili, ambapo upepo hugeukageuka na huenda ukakaa nusu siku tanga likining'inia kama shuka iliyoanikwa. Mimi napendelea Februari. Kisiwa cha Pate kiko upande wa kaskazini-mashariki ya Lamu, hivyo wakati wa kaskazi utakwenda kwa kupiga bishi, chombo kikikata huku na huku dhidi ya upepo, na utarudi upepo ukiwa nyuma yako. Kazi huja mwanzo, mkiwa na nguvu, na siku ya mwisho ni kukaa tu na kuangalia povu. Wakati wa kusi mambo hugeuka, na sioni raha ya kumaliza mapumziko kwa kupambana na mawimbi.

Kuhusu kuchagua chombo, ushauri wangu ni kutolipa chochote kabla ya kukiona. Mashua ndogo yafaa kwa matembezi ya siku moja. Kwa kulala baharini mnahitaji jahazi lenye nafasi ya kutandika magodoro na turubai la kukinga jua. Mnapokwenda kulitazama, inameni mwangalie ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Kila chombo cha mbao huingiza maji kidogo, lakini kama baharia hana nafasi ya kuweka chini upo wa kufulia maji, tafuteni kingine. Ulizeni majaketi ya kuelea na myahesabu wenyewe, kisha kila mmoja alivae lake kuona kama linamtosha. Ulizeni pia kuhusu mashine: majahazi mengi siku hizi hubeba mashine ndogo ya dharura, jambo jema, ila mkubaliane mapema ni nani atakayelipia mafuta. Sisi mara ya kwanza tulidaiwa fedha za petroli siku ya mwisho, tukabishana gatini mbele ya watu, na aibu ile ilifuta nusu ya raha tuliyokuwa tumeipata.

Mkiwa na nafasi, tumieni asubuhi moja kwenda Matondoni, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, ambako mafundi bado huunda na kutengeneza vyombo. Nilimwona fundi akipiga kalafati, akishindilia pamba kati ya mbao kwa nyundo, taratibu na kwa mapigo yasiyobadilika, huku harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, ikijaa pwani nzima. Wifi yangu mdogo alijifunika pua. Usiku ule, tulipolala juu ya mbao zilizofungwa kwa namna ileile, aliniambia kuwa sasa anaiona harufu ile kuwa na maana.

Mji wa Lamu wenyewe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, upewe siku mbili kabla ya kupanda chombo. Ngome yake ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela na kisha kujiweka chini ya ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Ikaja kuwa gereza hadi 1984, na leo ni makumbusho. Nasema uanze hapa kwa sababu ukiijua habari ya vita vile, kila bandari utakayoifikia baadaye utaielewa: ushindi wa Lamu ndio ulioharakisha kuanguka kwa Pate.

Takwa, katika kisiwa cha Manda, ndiyo kituo kizuri cha siku ya kwanza. Tuliondoka Lamu saa nane mchana, tukaingia katika mkono wa mikoko maji yakipanda nasi, baharia akisukuma kwa pondo, ule mti mrefu, kila upepo ulipokatika. Ni mji uliokuwa hai kuanzia karibu mwaka 1500 hadi mwisho wa karne ya 17, ukiwa na ukuta kuuzunguka. Msikiti wake wa Ijumaa una mnara wa mawe juu ya kibla, na nje ya ukuta kuna kaburi la mnara lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1683. Watu wa Shela, ambao huhesabu baadhi ya wazee wao kuwa walitoka hapa, bado huja kusoma dua ya kuomba mvua. Kwa hiyo, usikae juu ya kaburi upigwe picha. Ami alitupa saa mbili kamili, akatuita kwa mluzi maji yalipoanza kugeuka, na mara hii hakuna aliyebisha.

Usiku tulilala kwenye maji ya wazi mbali na mikoko, upande upepo unakotoka, nasi tukaepukana na mbu. Alfajiri tulipita Mkanda, ule mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, tukashika njia ya Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate. Boti ya mashine huifanya safari hii kwa saa mbili hivi. Sisi tulitumia karibu siku nzima, tukila mahamri yaliyopoa na mbaazi za nazi, na sikumbuki kama kuna mtu aliyeuliza tumefika wapi.

Kutoka Mtangawanda ni kama saa moja kwa miguu hadi mji wa Pate. Pateni kijana wa palepale awaongoze, na mumlipe vizuri, kwa sababu magofu ya Nabhani, waliokuwa watawala wa mji huu, yamo ndani ya mashamba ya tumbaku na hakuna kibao cha kuwaonyesha njia. Majani mapana ya tumbaku yameota katikati ya kuta zenye vidaka, pale ambapo zamani zilipangwa sahani za kigeni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiuombolezea mji huu huu, na mume wangu, aliyeisoma shuleni kwa kulazimishwa, alisimama kimya mbele ya ukuta mmoja kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hapa ndipo ninapoona safari ya tanga inaizidi ya mashine. Mtu aliyeshuka kwenye boti ya kasi akiwa na nusu saa ataona mawe na tumbaku, lakini aliyefika taratibu, akiwa na jioni nzima mbele yake, atapata pia wazee barazani watakaomweleza chumba kipi kilikuwa cha nani.

Siku ya tatu tulitembea hadi Siyu, mwendo wa saa mbili na zaidi, huku ami akilizungusha jahazi kwa maji ya asubuhi. Ondokeni kabla ya jua kupanda. Mchanga wa njia ile ukishika moto hauna huruma. Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi wa ngozi na mbao, na chini ya Bwana Mataka uliyazuia majeshi ya Sayyid Said katika miaka ya 1840. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, alikuwa mke wa Mataka huyo. Ngome iliyo kando ya mkono wa bahari imefanyiwa ukarabati, lakini mimi nilivutwa zaidi na mafundi wa viatu vya ngozi. Kama mnataka makubadhi, agizeni mnapofika, kwani fundi hupima mguu na kushona kwa nafasi yake.

Shanga ni kama saa moja kwa miguu kutoka Siyu. Wachimbuzi waligundua pale mabaki ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8, pamoja na sarafu za fedha zenye majina ya watawala wa hapo. Kwa macho tu hakuna mengi ya kuona, na mwenye kuchoka na abaki kwenye jahazi bila kujilaumu. Wifi yangu mkubwa alibaki, akavua changu wawili.

Machache ya lazima kabla hamjafunga mizigo. Chukueni maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu kwa siku, kwa kuwa katika vijiji maji ni haba na si vyema mgeni kuyamaliza. Choo cha jahazi ni kisanduku cha mbao kinachoning'inia tezini, yaani nyuma ya chombo, na asiyeweza kulizoea wazo hilo achague nyumba ya wageni Shela na atembee mchana tu. Pate na Siyu ni miji ya Kiislamu isiyozoea watalii, hivyo mavazi yafunike mabega na magoti, pombe isionekane, na ruhusa iombwe kabla ya kumpiga mtu picha. Hali ya usalama iulizwe Lamu kwenyewe katika wiki ya safari, hasa kwa anayetaka kwenda juu zaidi kuelekea mpaka wa Somalia. Fedha ziwe taslimu na za noti ndogo.

Siku ya tano kaskazi ilitusukuma hadi Shela bila kugusa demani, ile kamba ya kuongozea tanga, zaidi ya mara mbili, na ami alilala kidogo akimwachia mwanawe usukani. Tulipokuwa tukishusha mizigo nilimwomba tupange safari ya kisiwa cha Kiwayu, nikatoa simu kutafuta wiki ambayo mume wangu angepata likizo. Ami alitazama mbinguni, akahesabu kwa vidole, akaniambia nisubiri mwezi uandame, atanipigia.