Kwa mnaotaka kujifunza shanga za kioo bila mwalimu

Wadau habari zenu, naona siku hizi wengi mnauliza kuhusu shanga za kioo za kutengeneza kwa mkono na maswali karibu yote ni yaleyale, ninunue tochi gani ya gesi ya kuyeyushia kioo, rangi napata wapi, yale maua ya ndani yanawekwaje. Hayo yatakuja tu. Swali ambalo hamuulizi ndo litakalowala hela: ushanga ukitoka kwenye moto unapozwaje? Maana mtu anatengeneza kitu kizuri hatari, anapiga picha, anaweka statasi, asubuhi anakuta umekatika vipande viwili mezani na hakuna mtu aliyeugusa.

Iko hivi. Kioo kikipoa haraka nje kunaganda kwanza wakati ndani bado kuna moto, baadaye ndani nako kunataka kusinyaa ila nje kumeshakuwa kugumu hakusogei, basi mvutano unabaki umefungiwa humohumo. Unaweza kupasuka baada ya saa moja, unaweza kungoja mwezi mzima upasukie shingoni kwa mteja. Dawa ni tanuru. Unauweka kwenye joto ambalo kioo hakiyeyuki ila kinajilegeza chenyewe, kwa vile vioo laini (vinavyoyeyuka kirahisi) vya Murano, Italia, ni kama nyuzi 510 hadi 520, kioo cha chupa ni kama 550, unauacha hapo nusu saa au zaidi kama ni mnene, halafu unashusha taratibu mpaka uwe chini kabisa ya 400 ndo unazima na mlango unauacha umefungwa mpaka upoe wenyewe. Ile ya kuchomeka ushanga kwenye blanketi la tanuru (lile lisiloungua) au mchanga wa moto inazuia usipasuke papo hapo, basi, kutulia, yaani mvutano kuisha, bado haujatulia. Ila kama leo huna tanuru si kesi, shanga zilizopona unazikusanya kwenye kopo, siku ukipata tanuru la kuazima unazipandisha joto polepole zote kwa mpigo.

Na kuna njia ya bure ya kujua kama umetulia. Fungua ukurasa mweupe kwenye laptop, chukua miwani ya jua ile ya polaraizdi, iweke mbele ya skrini uizungushe mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa weka ushanga wako katikati ya miwani na skrini. Ukiona mwanga unang'aa kuzunguka tundu ujue mvutano upo, rudisha tanuruni. Ukibaki giza, uko poa. Inafanya kazi kwa kioo kinachopitisha mwanga tu, ushanga wa rangi nzito hautakuambia kitu.

Jambo la pili linalopasua shanga ni kuchanganya vioo. Kila kioo kina kiwango chake cha kutanuka kwenye joto na kusinyaa kikipoa, na wauzaji wanakitaja kwa namba: fito za Murano ni 104, kuna vingine 96 na 90, kioo kigumu cha maabara ni 33. Chupa na madirisha viko chini ya 90 na kila kiwanda na chake. Ukibandika 104 juu ya chupa, hata utulize wiki nzima, vitaachana. Chupa mbili za kijani zinazofanana kabisa usiziamini nazo. Zijaribu hivi: yeyusha ncha za vipande viwili, vibandike ubavu kwa ubavu, halafu vuta upate uzi mwembamba wa kama shubiri moja na uuache upoe. Uzi ukibaki umenyooka, vioo vinaelewana. Ukijikunja kama upinde, usivichanganye, ule upande wa ndani ya mkunjo ndo unaosinyaa zaidi.

Vifaa sasa. Msikimbilie kuagiza kila kitu nje jamani. Vile vijiti vya chuma vya kuzungushia kioo, nenda kwa wanaouza vitu vya kuchomelea uombe fito za stenlesi za tigi, milimita 1.6 na 2.4, kata nusu, umemaliza. Chuma kinatakiwa kipakwe rojo la udongo ili ushanga uje kutoka, na msingi wake ni kaolini, na kaolini tunayo pale Pugu miaka yote. Changanya na unga wa alumina, iwe nzito kiasi, chovya, acha ikauke kabisa. Tochi ya kuanzia ni ile ya mafundi friji wanayounganishia mabomba ya kopa, inatosha kwa kioo laini. Kioo cha maabara achana nacho mpaka uwe na oksijeni. Fito za kioo za kujifunzia mkono, pita kwa fundi vioo umwambie akukatie mabaki ya dirisha vipande vyembamba kama penseli, kwake ni takataka. Kioo cha dirisha ni kigumu kuyeyuka na ukikipika sana kinaota ukungu mweupe juu, ila kitakufundisha kuzungusha mkono bila kukutia hasara.

Kuzungusha ndo kazi yenyewe. Kioo kikiwa moto kinafuata ardhi, ukisimamisha mkono tu kinadondokea upande mmoja. Ingiza fito ya kioo kwenye ncha ya mbali ya moto kwanza, itoe, irudishe, maana ukiikurupusha inakurushia vipande usoni. Ushanga ukiisha angalia ncha za tundu. Zinatakiwa ziwe zimebonyea ndani kidogo, laini. Zikiwa kali zitakata uzi, na mkufu ukimwagika sokoni hutapigiwa simu ya pili.

Ambaye hana hela ya tochi asikae nje ya huu mchezo, aangalie Wakrobo wa Ghana. Wale wanatwanga chupa mpaka unga, wanajaza kwenye vikombe vya udongo vilivyopakwa kaolini, katikati ya kila kikombe wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Kwenye tanuru la kuni unga unashikamana, kikonyo kinaungua, tundu linabaki. Hakuna tochi wala mtungi. Muhogo upo, udongo upo, chupa zimejaa (sio zile za bia za kurudisha kwenye kreti, hizo zina mwenyewe). Mimi ningekuwa naanza upya leo bila mtaji ningeanzia hapo.

Ila kutwanga chupa sio mchezo. Lile vumbi laini usilolisikia ndo linaloharibu mapafu, na mapafu yakishapata makovu hayarudi. Twanga kukiwa na maji, vaa barakoa ya vumbi sio kitambaa, na hata udongo wa ndani ya tundu uchokonoe ushanga ukiwa umezama kwenye bakuli. Mtungi wa gesi ukae nje ya chumba, maungio yapake povu la sabuni kila ukifunga upya. Nguo ya pamba, viatu vya kufunika, sio kandambili.

Kuhusu soko, mtu asikudanganye ukashindane na zile shanga ndogondogo za kina mama wa Kimaasai, zile ni za kiwandani, nzuri nyingi zinatoka Cheki, bei yake huifikii kwa mkono. Wewe tengeneza ule mkubwa mmoja wa katikati ya mkufu, au jozi za hereni, na jozi ndo ngumu kuliko unavyodhani. Nenda ukawaangalie wale wa karakana inayoitwa Shanga pale Arusha wanavyofanya na chupa za zamani, au ukiwa Kenya pita kwenye karakana ya vioo ya Kitengela, shika vitu kwa mkono, angalia ncha za matundu yao. Na bei piga pamoja na gesi, umeme wa tanuru na zile zilizopasuka. Wengi mnahesabu kioo peke yake, alafu mnashangaa mtungi umeisha na hela ya kujaza haipo.