Mnauliza tanki, mimi nawajibu dimbwi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Kufuga samaki wa mapambo kwenye tanki dogo sebuleni ni burudani au ni kuwatesa?" Nimelisoma nikiwa nimekaa karibu na tanki langu la lita 40, na limenichoma. Shemeji yangu aliwahi kuniambia hivyo hivyo mbele ya wageni, kwamba nimefungia viumbe wa Mungu wasio na kosa. Siku ile nilinyamaza. Leo najibu.

Nianze na ninalokubali. Lile bakuli la duara lenye samaki mmoja wa dhahabu, linalotolewa zawadi kwenye harusi na sherehe za watoto, ni mateso. Samaki wa dhahabu akitunzwa hupita urefu wa sentimita 20 na huishi miaka 10 na zaidi. Kwenye bakuli anakufa ndani ya wiki chache, halafu watu wanasema alikuwa dhaifu. Hakuwa dhaifu. Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kinyesi chake, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina ukali huo, lakini wanahitaji mwezi hadi mwezi na nusu kujijenga kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga. Mteja ananunua tanki asubuhi, jioni keshatia samaki kumi. Wakianza kuhema juujuu anamwaga maji yote, anasugua kioo kwa sabuni, anajaza maji ya bomba na klorini yake, na hao bakteria wachache waliokuwa wameanza kazi wanakufa pia. Maji ya bomba yalazwe kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, na kila wiki ubadilishe robo tu. Muuzaji angeweza kulieleza hilo kwa dakika mbili huku anafunga mfuko.

Lakini swali lenu limekaa kana kwamba samaki wa mapambo ni lazima aletwe kwa ndege kutoka Asia. Mimi nafuga samaki wa Mkoa wa Pwani.

Bamkubwa wangu, mwalimu mstaafu wa baiolojia, alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho upande wa Mlandizi. Nyuma ya shamba kulikuwa na bonde dogo la udongo mweusi, ule unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Oktoba moja tulikwenda kumsalimia, karibu ukoo mzima. Bonde lilikuwa limekauka, ng'ombe wanapita katikati. Bamkubwa akanipa jembe, akaniambia, "Chimba pale palipo chini kuliko kote. Usiende mbali, kina cha kiganja kinatosha." Nikatoa mabonge, tukajaza ndoo, tukarudi nayo uani. Mama mkubwa akauliza kama siku hizi tunafinyanga vyungu.

Bamkubwa akayavunja mabonge yale kwa mikono, taratibu, ndani ya beseni la kufulia, akaliweka chini ya mwembe. Hakumruhusu mtu kumimina maji mpaka jioni jua lilipopoa. Alitumia maji ya mvua aliyoyaweka kwenye pipa tangu masika. Alisema maji ya baridi ndiyo yanayoamsha. Akamimina kata kwa kata mpaka yakapanda vidole vinne juu ya tope, yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Tukala, tukaenda kulala. Watoto walishaanza kumcheka chinichini. Baba mdogo alisema waziwazi kwamba samaki wa madimbwini hudondoka na mvua, na kwamba yeye mwenyewe aliwaokota barabarani akiwa mdogo.

Alfajiri, baada ya sala, Bamkubwa akaniita na tochi. "Usitikise beseni," akasema, akamulika kwa ubavuni. Kwanza niliona vidudu vyeupe vikirukaruka, jamii ya kamba lakini wadogo mno, nao walikuwa wamelala kwenye tope lile lile. Kisha akanyoosha ncha ya unyasi na kunionesha macho. Yalikuwa mawili, meusi, na nyuma yake uzi wa mwili unaokaribia nusu sentimita. Kile kifaranga kikasimama, kikajikunja, kikadaka kidudu. Nikaona kingine, na kingine. Kabla ya chai watoto wote walikuwa wamepiga magoti kuzunguka beseni. Baba mdogo alikuwa wa mwisho kuja, na wa mwisho pia kuondoka.

"Mama zao walikufa mwezi wa saba," Bamkubwa alisema. "Hawa walibaki kwenye tope wakiwa mayai."

Mchana akawahamisha kwa kijiko, mmoja mmoja, kwenye tanki lililoungwa na fundi vioo wa pale mjini. Lile tope hakulimwaga. Alilikausha tena, kwa sababu mayai mengine yalikuwa bado yamelala. Mvua ya kwanza hudanganya, huja siku mbili ikakatika, na mayai yote yangeamka pamoja ukoo mzima ungeisha siku dimbwi linapokauka. Kwa hiyo mayai ya jike mmoja hayaamki kwa pamoja. Mengine husubiri mvua ya pili, mengine ya mwaka unaofuata. Niliporudi baada ya wiki kama sita, wakishalishwa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa, madume walikuwa na mwili wa buluu, kila gamba na ukingo wake mwekundu, na mkia mwekundu mtupu. Majike ni kijivu. Sijaona dukani samaki wa kuwafikia.

Sisi nyumbani tuliwaita samaki wa masika. Kwa wanasayansi ni jamii ya Nothobranchius, yenye zaidi ya aina 80 zilizokwisha kuelezwa, na Tanzania ina aina nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Yule wa Unguja, Nothobranchius guentheri, ameandikwa vitabuni tangu mwaka 1893, na wafugaji wa Ulaya wanamzalisha kizazi baada ya kizazi na kutumiana mayai yake kwa posta, ndani ya bahasha. Ndugu yake, furzeri, aliyepatikana mwaka 1968 Gonarezhou, Zimbabwe, anaishi miezi michache tu, na watafiti wa Jena na Cologne kule Ujerumani wanamtumia kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka. Hapa kwetu ndugu zake tunawakanyaga tukielekea shambani.

Samaki wa masika ndiye samaki wa tanki dogo kweli. Dume mmoja na majike wawili au watatu, maana dume husumbua sana akiwa na jike mmoja tu. Tanki liwe na mfuniko kwa sababu wanaruka. Chumvi kidogo kwenye maji, kwani ngozi yao hupatwa na ugonjwa unaoonekana mithili ya unga wa dhahabu. Chini weka kibakuli chenye vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa. Watataga humo mayai ya ukubwa wa milimita moja hivi. Unalikamua vumbi, unalifunga kwenye mfuko, unaandika tarehe, unaliweka kabatini miezi mitatu au zaidi. Umeme ukikatika hawafi kwa haraka. Tanki huwapa karibu mwaka mzima, ambapo dimbwi la kwao lisingewapa hata nusu yake. Shemeji angekaa kuyasikia haya, angeona anayeteswa ni nani.

Nilitaka kuishia hapo, Mhariri, lakini kuna jambo nililolikwepa. Bonde lile la Mlandizi halipo tena. Baada ya Bamkubwa kufariki kiwanja kiliuzwa, malori yakamwaga kifusi, na leo kuna fremu za maduka. Hakuna aliyevunja sheria ninayoijua; ni dimbwi, na dimbwi kwa watu wengi ni mbu. Samaki nilio nao ni vitukuu vya lile beseni. Nikiwatazama dume wanavyojitunisha mbele ya kioo, huwa najiambia nimewaokoa. Leo nikiandika nimeona kwamba neno hilo ni kubwa mno kwa kazi yangu. Ninao wachache, wanaoana ndugu kwa ndugu, na hawana pa kurudi. Siwezi kuwapeleka dimbwi jingine, kwa kuwa lina samaki wake ambao si sawa na hawa, na kuwachanganya ni kuharibu pande zote mbili.

Basi kura yangu iandikwe hivi. Bakuli: mateso, bila mjadala. Tanki la dukani lisilosubiriwa mwezi mmoja: mateso. Samaki wa masika ambaye dimbwi lake limefukiwa: afugwe, na afugwe na watu wengi wanaobadilishana mayai, wala si mimi peke yangu. Yule ambaye dimbwi lake bado lipo: hapana, hata kwangu, ijapokuwa nasema hivi na yeye ndiye samaki ninayempenda kuliko wote. Huyo mfuateni mwezi wa tano, mvae mabuti, mchukue mtoto na neti ya kuvulia viluwiluwi, mumtazame ndani ya chupa ya kioo dakika kumi, kisha mmrudishe pale pale.