Mwenye kulipa masomo njo mwenye kuchagua?

Mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikacheka kidogo, unisamehe. Unasema kijana yako amemaliza mwaka wa 8 wa masomo, anataka mekanike juu tangu udogo anafunguafungua radio, na sasa pikipiki ya jirani iko vipandevipande ku lupango yenu, lakini baba mukubwa yake wa Kolwezi amesema ni bioshimi tu (biolojia na kemia), atoke dokta, kama hapana hatatuma tena makuta. Na bwana yako amenyamaza kimya.

Mie naona shida ni ile makuta. Huku Kongo primeri ya Leta, masomo ya serikali, ni bure tangu 2019, lakini bure yenyewe inaishia ya 6, kuanzia ya 7 kila jamaa inajitafutia, na hapo njo mwenye kulipa anakamata usukani. Baba mukubwa si mutu mubaya. Umuulize bwana yako kaka yake alikomea masomo wapi, mara nyingi ule udokta wanaolazimisha batoto ni wao wenyewe waliukosa.

Sasa wewe usimpigie, utaitwa bibi mwenye kiburi. Bwana yako njo aende, si kwa simu, apande basi mpaka Kolwezi na biletini ya kijana, ile karatasi ya pointi, mukononi, juu umeniandikia anatomi na zooloji anapata nusu kwa taabu na teknoloji anapanda sana, basi hizo pointi ziongee. Halafu amuulize kaka yake, kule ku migodi magari makubwa yakiharibika nani anaitwa usiku? Na wakubwa wengi hawajue hii: teknik ya siki ndefu, ni kusema masomo ya ufundi ya muda murefu, ni miaka 4, inamalizika na egzamani ya Leta sawa tu na bioshimi, na diplome yake inafungua univerisite, kijana akitaka uenjenia njia iko. Ila muulize vizuri mbele ya kuandikisha, kuna fashi wanafundisha siki fupi, mwisho ni cheti kinaitwa breve, na breve haimupeleki univerisite, hapo baba mukubwa atakuwa na haki ya kukasirika.

Akikatala kabisa, mujipange na trimestre ya kwanza nyinyi wenyewe, ile biashara yako ya unga isaidie hata nusu, mutu akiona munabeba na nyinyi anapunguaka sauti.

Na pikipiki ya jirani, ameshairudisha?