Mahindi, sumukuvu na mpaka wa Namanga

Umeuliza ushirikiano wa serikali za Afrika Mashariki unamsaidia nini mkulima wa mahindi. Unamsaidia sana, na ukikosekana ndipo unaonekana. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka; malori yakakwama Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: muagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, si cha Kenya peke yake.

Kazi yenyewe basi iko kijijini. Mahindi yakianikwa kwenye udongo mtupu, yakatiwa guniani unyevu ukiwa umepita asilimia 13.5, yataota kuvu tu. Turubai za kuanikia na vipima unyevu kwenye maghala ya ushirika: huko ndiko serikali zetu zipeleke pesa kwanza, vikao vitafuata.

Na kama mzigo wako hauzidi dola 2,000, ulizia mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha kwamba bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya. Wengi wanapita njia za panya bila kujua kipo.